Dim sum na chakula cha boksi: ndugu wawili wa jiko la Guangdong

Dim sum ni jina la jumla la vitafunio vidogovidogo vya jimbo la Guangdong, kusini mwa China, vinavyoliwa kuanzia alfajiri hadi mchana pamoja na chai. Vingi hupikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi, vingine hukaangwa au kuokwa, na kila sahani huja na vipande vitatu au vinne ili meza moja ionje aina nyingi. Ni katika jimbo hilohilo walikotoka wahamiaji walioanzisha migahawa ya Kichina ya Marekani, ile inayojulikana dunia nzima kwa kuku wa sosi tamu, wali wa kukaanga na tambi zinazofungwa kwenye boksi la karatasi ili mteja akale nyumbani. Vyakula hivi viwili huuzwa kwa jina moja la chakula cha Kichina, mara nyingine chini ya paa moja, lakini kanuni zake zinapingana. Dim sum huhesabu dakika tangu ilipotoka kwenye mvuke hadi inapofika mdomoni. Chakula cha boksi kimeundwa kistahimili safari. Asiyeijua tofauti hiyo huishia kudharau kimoja kwa kuwa hakifanani na kingine, na hiyo si haki kwa wapishi wa pande zote mbili.

Chai kwanza

Makao ya dim sum ni Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Eastleigh na Lubumbashi wanaufahamu kwa mizigo kuliko kwa chakula chake. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa na vibanda vya chai vya bei ya chini, vyenye meza na mabenchi ya mbao, ambako wachukuzi na vibarua walipumzika kwa kikombe cha chai na andazi moja au mawili. Wenye uwezo walijengewa nyumba za chai za ghorofa. Mojawapo, Tao Tao Ju, ilifunguliwa mwaka 1880 na jina lake lingali hai mjini. Ushindani ulipamba moto miaka ya 1920, pale nyumba hizo zilipoanza kubadilisha orodha ya vitafunio kila wiki ili kuvuta wateja. Sehemu kubwa ya dim sum inayoliwa leo ni matunda ya mashindano hayo. Hong Kong nayo ilipokea utamaduni huo pamoja na wapishi wake, na nyumba ya chai ya Luk Yu, iliyofunguliwa huko mwaka 1933, ingali ikimimina chai.

Picha ambayo wageni wengi wanaijua, ya wahudumu wanaosukuma toroli zenye vikapu vinavyofuka mvuke huku wakitaja kilichomo kwa sauti, ni ya kumbi kubwa za Hong Kong na za miji ya wahamiaji. Toroli zimepungua sana. Migahawa mingi sasa humpa mteja karatasi na penseli aweke alama kwenye anachotaka, na kikapu huwekwa motoni baada ya oda. Ukumbi umepoteza bashasha yake, lakini chakula kimepata faida, kwa sababu kikapu kilichozunguka meza zote huwa kimekwisha poa. Mgahawa wa Tim Ho Wan ulianza hivyo mwaka 2009 katika mtaa wa Mong Kok, Hong Kong: chumba kidogo, hakuna toroli, kila kitu kikipikwa kwa oda na mpishi Mak Kwai Pui, aliyewahi kupika katika hoteli kubwa. Toleo la mwaka 2010 la mwongozo wa Michelin liliupa mgahawa huo nyota, na watu wakapanga foleni kwa saa kadhaa kula maandazi ya bei ya kawaida.

Chai ndiyo inayofungua meza. Mhudumu huuliza aina ya chai kabla ya jambo lingine lolote: pu'er nyeusi na nzito, inayosifiwa kwa kukata mafuta, tieguanyin, chai ya yasmini, au ya maua ya krisanthemamu. Haitiwi maziwa wala sukari. Mdogo huwamiminia wakubwa kabla ya kujimiminia mwenyewe, na aliyemiminiwa hugonga meza kwa vidole viwili kushukuru bila kukatiza mazungumzo. Husimuliwa kwamba desturi hiyo ilitokana na mfalme Qianlong wa karne ya 18, aliyekuwa akitembea miongoni mwa raia kwa kujificha. Alipommiminia mtumishi wake chai, mtumishi huyo, asiyeweza kusujudu bila kumfichua bwana wake, alipiga magoti kwa vidole. Hiyo ni hadithi tu, lakini desturi yenyewe inaonekana katika kila meza. Maji yakiisha kwenye buli, kifuniko huinuliwa na kuegeshwa kando, na mhudumu huongeza maji ya moto bila kuitwa.

Kipimo cha mpishi

Mpishi wa dim sum hupimwa kwa har gow, kitafunio cha kamba wa baharini au mtoni kilichofungwa katika ganda jembamba linaloruhusu rangi ya waridi ya kamba ionekane. Inasemekana kilianzia kijiji cha Wufeng, pembezoni mwa Guangzhou, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Ganda lake halitokani na unga wa ngano wa kawaida. Hutumika wanga wa ngano, yaani unga uliokwisha kutolewa gluteni yote, pamoja na wanga kidogo wa muhogo. Maji yanayotiwa lazima yawe yanatokota, kwani pasipo gluteni hakuna cha kulishikamanisha donge isipokuwa wanga ulioiva nusu. Donge hukandwa lingali moto pamoja na mafuta kidogo, hukatwa vipande vidogo, kisha kila kipande hukandamizwa kwa ubavu wa kisu kipana kilichopakwa mafuta. Kisu huzungushwa mara moja, na duara jembamba hutoka tayari. Mti wa kusukumia chapati hauna kazi hapa.

Kamba humenywa, husuguliwa kwa chumvi na wanga, kisha huoshwa kwa maji baridi yanayotiririka mpaka nyama yake ikaze na kukatika kwa mlio inapotafunwa. Huchanganywa na chengachenga za machipukizi ya mianzi, mafuta ya ufuta, pilipili nyeupe na sukari kiasi. Mikunjo hufanywa upande mmoja tu wa ganda. Saba ni kiwango cha chini; kumi na kuendelea ni ufundi. Dakika tano hivi juu ya mvuke mkali zinatosha. Ganda likipasuka linaponyanyuliwa kwa vijiti, mpishi ameshindwa. Likinata kwenye kikapu, ameshindwa. Kamba akibonyea badala ya kukatika, ameshindwa pia.

Halafu kuna suala la muda. Wanga ulioiva huwa laini na angavu ukiwa wa moto, lakini ukipoa chembe zake hujipanga upya na kukaza. Har gow iliyoachwa mezani robo saa ganda lake hufifia, huwa gumu na kupoteza mng'ao. Hakuna sosi inayoweza kulificha kosa hilo.

Watu wa Guangdong huiweka har gow pamoja na vitafunio vingine vitatu katika kundi la wafalme wanne. Wa pili ni siu mai, kikombe cha ganda la njano kilichoachwa wazi juu, chenye nyama ya nguruwe iliyokatwakatwa kwa kisu pamoja na kamba. Wa tatu ni char siu bao, andazi jeupe la mvuke lenye vipande vya nguruwe aliyechomwa kwa asali na sosi ya soya. Juu yake hupasuka vipande vitatu au vinne, na mpasuko huo ndio dalili kwamba donge liliumuka vizuri. Wa nne ni tarti ya yai, yaani kastadi iliyookwa katika kikombe cha unga. Ndugu yake wa Macau, mwenye mabaka meusi ya kuungua juu, alianza kuuzwa mwaka 1989 na mwokaji Mwingereza Andrew Stow, aliyeiga tarti ya Ureno kwa namna yake.

Orodha ni ndefu kuliko wafalme hao. Cheung fun ni shuka laini la unga wa mchele, linalomiminwa likiwa majimaji, kupikwa kwa mvuke kwa dakika chache na kuviringishwa likiwa na kamba au nyama ya ng'ombe ndani, kisha kumwagiwa sosi ya soya iliyotiwa sukari. Kuna keki ya figili nyeupe inayokaangwa hadi pande zikauke. Kuna mchele wa kunata uliofungwa kwenye jani la yungiyungi pamoja na kuku na uyoga. Jani haliliwi, lakini harufu yake ndiyo inayonunuliwa.

Miguu ya kuku inastahili aya yake. Kucha hukatwa, miguu hukaangwa kwenye mafuta mengi mpaka ngozi ivimbe, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya baridi ili ngozi hiyo ijikunje na kuwa na mashimoshimo ya kunyonya mchuzi. Hufuata kuchemshwa taratibu pamoja na viungo, na mwishoni mvuke na sosi ya maharage meusi yaliyochachushwa. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, mara nyingi huanza siku iliyotangulia, ili kipande kisicho na nyama kiwe kitamu kuliko kidari. Msomaji aliyezoea supu ya miguu ya kuku ataelewa haraka kuliko Mzungu kwa nini sahani hii huisha mapema.

Asiyekula nguruwe anahitaji tahadhari. Nguruwe yumo katika sehemu kubwa ya vitafunio hivi, na hata pale ambapo ndani mna kamba watupu, donge la ganda au la keki mara nyingi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Kuuliza kilichomo ndani hakutoshi. Ni lazima kuuliza na mafuta. Guangzhou ina Waislamu wa karne nyingi, na msikiti wake wa Huaisheng ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa nchini China. Migahawa ya halali ipo, ila mingi ni ya watu wa kaskazini-magharibi, na hupika tambi za kuvutwa kwa mkono na nyama ya kondoo badala ya dim sum.

Boksi la karatasi

Dhahabu iligunduliwa California mwaka 1848, na katika miaka michache maelfu ya wanaume kutoka delta ya Mto Pearl, hasa wilaya ya Taishan, walivuka Bahari ya Pasifiki. Walipika walichokijua kwa kutumia walichokipata. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na haikufutwa hadi 1943. Wafanyabiashara, hata hivyo, waliruhusiwa, na mwaka 1915 mahakama iliamua kwamba mwenye mgahawa naye anaweza kuhesabiwa mfanyabiashara. Tangu hapo kufungua mgahawa kukawa njia halali ya kwenda na kurudi na ya kumwita ndugu aliyebaki nyumbani. Anayeshangaa kwa nini hata mji mdogo wa Marekani una mgahawa wa Kichina atafute jibu kwenye sheria hiyo kabla ya kulitafuta kwenye sosi.

Wateja walikuwa Wamarekani, na wapishi waliwapikia. Chakula cha kwanza kuvuma kilikuwa chop suey, mchanganyiko wa nyama na mboga katika mchuzi mzito, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 uliuzwa katika migahawa iliyobeba jina lake karibu kila mji mkubwa. Asili yake inaelekea kuwa mapishi ya nyumbani ya Taishan, ingawa kilichouzwa New York kilikuwa kimebadilika sana.

Nyama ya ng'ombe na brokoli inaonyesha vizuri jinsi mabadiliko hayo yalivyofanyika. Kule Guangdong nyama hiyo hupikwa na gailan, mboga ya majani yenye shina nene na uchungu kidogo. Wapishi wa Marekani walichukua brokoli, mboga iliyoletwa na Wataliano. Mbinu ilibaki ileile. Nyama hukatwa nyembamba kwa kukingama na nyuzi zake, hupakwa sosi ya soya, wanga wa mahindi na mafuta, huachwa nusu saa, kisha hupitishwa kwenye mafuta ya moto kwa sekunde chache tu na kutolewa. Utando wa wanga huzuia maji ya nyama yasitoke. Karai husafishwa, moto hupandishwa hadi mwisho, tangawizi na kitunguu saumu huingia, kisha brokoli, kisha nyama inarudi pamoja na sosi ya chaza. Kutoka karai kuwekwa motoni hadi sahani kujaa hazipiti dakika tatu. Vichwa vya brokoli hunywa mchuzi kuliko gailan, na katika chakula cha kubeba hilo ni jambo jema. Mbadala huu, kwa hakika, umekizidi cha asili katika kazi uliyopewa.

Sheria mpya ya uhamiaji ya 1965 ilileta wapishi kutoka Taiwan na Hong Kong, wengi wao wakiwa na asili ya mikoa mingine, na pilipili ikaingia kwenye orodha. Kuku wa Jenerali Tso alitoka kwa Peng Chang-kuei, mpishi wa Hunan aliyekimbilia Taiwan mwaka 1949. Aliubuni mlo huo huko katika miaka ya 1950 na kuupa jina la Zuo (Tso) Zongtang, kamanda wa Hunan wa karne ya 19 ambaye hakuwahi kuuonja. Kuku wa Peng alikuwa mchachu, wa chumvi na pilipili, bila sukari. Wapishi wengine waliupeleka New York mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaongeza sukari na ganda la kukauka, na Peng alipofungua mgahawa wake huko alikuta wateja wakishikilia toleo tamu. Alifariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 98. Kuku wa machungwa alifuata mwaka 1987, kazi ya mpishi Andy Kao wa kampuni ya Panda Express, akichota kutoka kwenye mapishi ya kale ya kuku na maganda makavu ya chenza.

Kuku wa kung pao, mwenye karanga na pilipili kavu, anahusishwa na Ding Baozhen, gavana wa Sichuan katika karne ya 19. Katika migahawa ya Marekani alikosa kiungo chake kikuu kwa muda mrefu: pilipili ya Sichuan, inayotia ulimi ganzi, ilipigwa marufuku kuingizwa nchini humo tangu 1968 hadi 2005 kwa kuhofia ugonjwa wa michungwa. Wateja wengi hawakujua walichokikosa.

Boksi lenyewe halikutoka China. Frederick Weeks Wilcox wa Chicago alipata hataza yake mwaka 1894, wakati ambapo Wamarekani walibeba chaza nyumbani kwa vyombo vya namna hiyo. Ni karatasi moja iliyokunjwa bila gundi, yenye mshikio wa waya, haivujishi mchuzi kwa urahisi na huruhusu mvuke kidogo utoke juu kati ya vifuniko. Likikunjuliwa pande zake huwa sahani. Mvuke ndio adui mkuu wa kuku wa kukaanga, na ndiyo maana wapishi wa chakula cha boksi hupaka kuku wanga mwingi, hukaanga mara mbili, mara ya pili kwa mafuta ya moto zaidi, na hutumia sosi nzito yenye sukari inayoganda juu ya ganda badala ya kupenya ndani. Sukari inayolalamikiwa na wengi ina kazi pale, ingawa ni kweli kwamba migahawa mingi huipitiliza.

Lawama nyingine haina msingi. Mwaka 1968 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha barua ya daktari aliyeeleza ganzi na moyo kudunda kwa kasi baada ya kula katika migahawa ya Kichina, na miongoni mwa sababu alizokisia ni kiungo kinachouzwa madukani kwetu kwa jina la Ajinomoto. Kiungo hicho kilitengwa na Mjapani Kikunae Ikeda mwaka 1908. Majaribio ambayo wahusika hawakuambiwa walichopewa hayakuthibitisha madhara ya kudumu kwa kiasi cha kawaida cha mapishi, lakini jina baya liliangukia migahawa ya Kichina peke yake, ilhali kiungo hichohicho kilijaa kwenye supu za makopo na vitafunio vya pakiti. Huo ulikuwa uonevu, na baadhi ya migahawa bado inalazimika kubandika matangazo ya kujitetea.

Wahamiaji wa Guangdong walifanya vivyo hivyo kila walikofika. Uingereza, watu wa vijiji vya Hong Kong walinunua maduka ya samaki na chipsi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hadi leo chipsi na mchuzi wa bizari hukaa kwenye orodha moja na tambi. India, jamii ya Wahakka wa Kolkata ilipika kwa pilipili mbichi na kotimiri, na mwaka 1975 Nelson Wang alibuni kuku wa Manchurian mjini Mumbai. Tawi hilo ndilo lililofika Afrika Mashariki kwa wingi: migahawa ya Kihindi ya Nairobi na Dar es Salaam huuza Manchurian na tambi za Hakka bega kwa bega na biriani.

Anayeagiza chakula cha kubeba na achague kilichoundwa kwa safari: wali wa kukaanga, ambao hupikwa kwa wali wa jana uliokauka na hauharibiki njiani; tambi za kuchanganywa na sosi; nyama na brokoli; kung pao. Kuku wa kukaanga aagizwe sosi ikiwa kando, na boksi lifunguliwe mara linapofika. Siu mai na maandazi ya mvuke hustahimili kiasi, mradi yarudishwe kwenye mvuke, kwa kuwa joto kavu huyakausha. Har gow na cheung fun zina njia mbili tu: kuliwa mkahawani zingali zikifuka, au kununuliwa zikiwa mbichi zilizogandishwa na kupikwa nyumbani juu ya sufuria ya maji yanayotokota. Har gow iliyopikwa kisha ikabebwa haifai kununuliwa kwa bei yoyote.